Jeti ya Tabora

Ilianza siku ya Jumamosi, saa nne na robo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya pale kibandani kwa Baba, anapotengenezea pikipiki, ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kusoma matangazo ya vifo, na Mama alikuwa na tabia ya kusimama kimya mpaka yaishe, hata kama yeye hamjui hata mmoja wa waliotajwa. Yalipoisha akatafuta chombo cha kutilia mihogo aliyotuletea. Chini ya benchi la Baba akaona kisahani cha plastiki chenye petroli nyeusi ya kuoshea vyuma. Akaimwaga mtaroni, akakisuuza kisahani kwa maji ya dumu, akakifuta kwa upindo wa kanga yake. Ndani ya petroli ile ilikuwemo jeti, kile kishaba kidogo cha ndani ya kabureta ya pikipiki ya Baba.

Baba akampiga kofi.

Wateja wawili walikuwepo. Mimi nilikuwepo, nimeshika birika la chai. Mama hakulia. Alisema tu, "Mihogo itapoa," akaiacha juu ya benchi, akaondoka. Mteja mmoja akasema, "Fundi, punguza jazba," halafu papo hapo akauliza pikipiki yake itakuwa tayari lini. Huyo mteja nikikutana naye leo nitamtambua. Nimemshika sura.

Naandika haya nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Mimi si msemaji. Bwenini wananiita Bubu, na siku niliyosimamishwa kwenye mdahalo nililia mbele ya kidato kizima. Lakini juzi mlinzi wa shule alikuja kujaza jenereta, petroli ameibeba kwenye chupa ya soda, akaimwaga kidogo kwenye ngazi zetu. Wenzangu wakaziba pua, wakacheka, wakakimbia. Mimi nikakaa kitandani, nataka kumpiga mtu na sijui nani. Kama na wewe unayo harufu yako ya namna hiyo, utanielewa.

Katikati ya wiki iliyofuata Mjomba alifika na Fuso lake. Ni kaka yake Mama. Analeta viazi Tabora kutoka kwao Mbeya, akirudi anapakia karanga na asali. Alisimamisha gari nje ya nyumba yetu pale Cheyo, hakuingia ndani, Baba alipomsalimia akaitikia huku anaangalia matairi. Mama akatoka na begi moja.

"Mama, na mimi?"

"Wewe unasoma, mwanangu. Baba yako atakuja kunifuata. Utakuja naye, tutarudi wote."

"Lini?"

Mama akamtazama Baba, aliyekuwa ameegemea mlango kama mgeni. "Muulize mwenyewe."

Nikamuuliza. Baba akasema, "Nitengeneze pikipiki kwanza."

Pikipiki yenyewe ni ya Babu mzaa Baba, aliyekuwa bwana shamba, akizunguka nayo vijijini kuwafundisha watu kilimo. Ni ya Kiingereza, ya zamani, tangi jeusi lenye mistari ya dhahabu, na ukiipiga kiki vibaya inakurushia mguu mpaka unachechemea. Baba anatengeneza pikipiki za watu: za bodaboda, za walimu, za mapadri wa Kipalapala, hata wanaotoka Ulyankulu huja kwake. Za watu ni kazi. Ile ya Babu ilikuwa kitu kingine, alikuwa anaipangusa kwa shati lake mwenyewe.

Na ilikuwa na aibu yake. Baba alipokwenda kuposa aliipanda hiyohiyo, peke yake, Sikonge, Rungwa, msitu wote ule, mpaka Chunya, ikienda vizuri. Baada ya Chunya barabara inaanza kupanda mlima. Huko juu ikaanza kutoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazimika. Akaisukuma mpaka akachoka. Mwisho lori la viazi likamwonea huruma, wakaipakia na yeye juu yake, na ndivyo alivyofika ukweni. Mama alipenda kuisimulia hadithi hiyo. "Bwana harusi kaja kakaa juu ya viazi, uso mweusi tii, meno tu ndiyo meupe!" Kaka zake walimbatiza jina, Bwana Viazi. Baba alikuwa anacheka Mama akisimulia, lakini mimi nilikuwa naona shingo yake. Shingo haikuwa inacheka.

Nilikuwa darasa la tano, na kichwani mwangu mambo yalikuwa yamenyooka. Mama amepigwa kwa sababu jeti imepotea. Mama ameondoka kwa sababu amepigwa. Kwa hiyo jeti ikipatikana, Mama anarudi. Nikachukua chekeche la unga, nikaenda mtaroni. Nilichekecha matope ya mtaro ule kila nikitoka shule, sare imechafuka, wapita njia wananiuliza kama natafuta dhahabu. Nikaipata. Kipande cha shaba kidogo kama punje ya mahindi, kina tundu katikati. Nikakisugua kwenye sketi mpaka kikang'aa, nikakimbia nacho kwa Baba.

Alikiinua juani, akachungulia kwenye tundu kwa jicho moja. Akacheka kwa furaha kabisa, akanishika kichwa.

"Kabula! Wewe ni fundi, wewe."

"Sasa tunamfuata Mama?"

Akakishusha.

"Hii ni ya Tabora, mama," akaniambia. Akitaka kunibembeleza huniita mama. "Kwa mama yako ni mlimani. Kule inatakiwa yenye tundu dogo zaidi."

Hapo ndipo masomo yalipoanza. Nitayaandika kama alivyonifundisha, kwa sababu alinifundisha vizuri, na hilo nalo linanikera. Petroli yote inayoingia kwenye injini inapita kwenye tundu la jeti, inachanganyika na hewa, ndipo inawaka. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi. Petroli haijui kama umepanda mlima, yenyewe inaingia vilevile. Kwa hiyo injini inashiba petroli inakosa pumzi. Inatoa moshi mweusi, inazimika. Ukitaka ipande, unaipunguzia petroli. Baba alikuwa anayeyusha lehemu, anaziba tundu la jeti kuukuu, kisha analitoboa upya kwa sindano ya cherehani aliyoipasha moto. Kuna na kijiti kirefu cha chuma ndani ya kabureta, nacho wanakiita sindano, kina mikato juu. Ukihamisha klipu inayokishikilia kwenda mkato wa juu, kijiti kinashuka, petroli inapungua tena. Halafu unachomoa plagi unaisoma. Ikiwa nyeusi kama mkaa, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chaki, petroli ni kidogo na injini itaungua. Inatakiwa rangi ya karanga iliyokaangwa.

Jioni nyingi tulikaa hivyo, yeye anatoboa, mimi namshikia tochi au namsomea plagi. "Fundi Kabula, inasemaje?" "Chaki." "Chaki, eeh. Tutoboe tena." Vidole vyangu vilikuwa vinanuka petroli hata nikila. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Mama hayupo, na mimi nina furaha kwa sababu Baba ananiita fundi.

Kila jeti aliyoitengeneza ilikuwa na kasoro. Hii tundu limepinda upande. Hii lehemu imevimba. Na hata ile iliyotoka nzuri haikufaa, kwa sababu jeti ya mlimani ukiifunga hapa kwetu chini, pikipiki inakohoa na ekzosi inapiga risasi.

"Sasa tutajuaje kama imekaa sawa?" nikamuuliza.

"Ndiyo shida, mama. Huwezi kuupima mlima ukiwa Tabora."

Nililiamini neno hilo kama nilivyoliamini neno la kanisani. Watu wazima wenye akili zao nao walilisikia wakatikisa kichwa kukubali.

Jumapili Mama alikuwa anapiga simu. Baba akiona jina lake anaipokea na kunipa mimi hapo hapo, kama vile imemuunguza.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unakula? Nywele nani anakusuka?"

"Nakula. Nimenyoa."

"Baba yako anakuja lini?"

"Kabureta bado."

"Kabureta."

"Eeh. Ya mlimani inatakiwa tundu dogo. Tumetoboa nyingine jana."

Nilikuwa nasikia anapumua. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inakatikakatika, na mimi nikajua sababu: hewa. Baba alishasema hewa ya kule ni nyepesi. Mtandao sikuufikiria kabisa. Nilijua mama yangu hapati pumzi, na kila Jumapili nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba kabureta bado. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uongo ule, nikiwa nimesimama wima na heshima zangu zote.

Pale kibandani alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa reli, Mgogo, na jina lake lilikuwa hilohilo, Mgogo. Alikuwa mtani wa Baba, kama Wagogo wote walivyo watani wetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Alikuja kila siku alasiri kunywa kahawa na kumtukana Baba.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu mpagazi bado anachokonoa?"

"Mgogo, toka kibandani kwangu," Baba anasema bila kuinua kichwa. "Unanifukuzia wateja."

"Nitoke niende wapi? Babu zako walipopita kwetu walitoa hongo ndiyo wakaonyeshwa kisima. Na wewe nitolee kahawa hapo."

Watu wanacheka. Anamiminiwa kahawa. Anakunywa, anajipanga upya.

"Lakini nyie watu mlikuwa wanaume bwana. Mnabeba pembe za ndovu begani, kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, kwa miguu. Kabureta ilikuwa wapi? Huyu mjukuu wao, mke yuko Mbeya tu, yeye anatoboa tundu tangu masika. Mnyamwezi, hebu niambie ukweli. Unaogopa mlima, au unaogopa mkwe?"

Kibanda kizima kinapasuka. Baba mwenyewe anacheka mpaka anafuta macho kwa mkono wenye grisi.

"Pikipiki za watu zinapona siku hiyohiyo!" Mgogo anaendelea, anawageukia wengine. "Hii yake ina ugonjwa gani huu? Mpelekeni kwa mganga, au mumlete mke aje aitibu!"

"Huyu mzee mshenzi kweli," Baba anasema. "Mwongezeeni kahawa anyamaze."

Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimeshawaona watani wakija msibani, mtu analala ndani ya kaburi lililochimbwa na kukataa kutoka mpaka apewe hela, na wafiwa hawakasiriki. Nikajua basi, mtani ni mtu wa kusema uongo ili watu wafurahi. Kwa kuwa kila mtu alicheka, nikaona yote aliyosema Mgogo ni uongo. Kila siku alasiri mzee yule alikuwa anauweka ukweli wote juu ya benchi, mbele ya macho yangu, na sisi tunacheka, na ukicheka hudaiwi jibu. Baba alikuwa anaujua utaratibu huo. Aliutumia vizuri.

Sasa hewa. Nilipoona kabureta haimaliziki, nikaona angalau Mama apumue. Nikaosha chupa kubwa ya soda, nikasimama uwanjani kwetu upepo ukivuma, nikaitikisa huku na huku, nikaifunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, juu nikazungushia nailoni na mpira. Hewa ya Tabora, imejaa. Msicheke. Au chekeni tu, hata mimi ningecheka kama isingekuwa yangu. Ijumaa moja nilipotoka shule nikaenda nayo stendi, kutafuta lori lolote la viazi linalomjua Mjomba.

Nilizunguka stendi nzima nikiogopa kuuliza. Mwisho konda mmoja aliyekuwa anatafuna muwa kwenye mlango wa basi akaniona.

"Mdogo wangu, umepotea?"

"Hapana. Natafuta gari la kwenda Mbeya."

"Ongea, sikusikii."

"Gari la Mbeya!"

"Hili hapa. Parseli?"

Nikamwonyesha chupa. Akaipindua. "Mbona tupu?"

"Siyo tupu. Ina hewa. Ya mama yangu. Kule ni nyepesi."

Akaacha kutafuna. "Suka!" akamwita dereva. "Suka, njoo uone mzigo wa leo, hewa! Hii tunaitoza kwa kilo au kwa lita?" Wakacheka wote wawili, lakini si kwa ubaya. Aliona machozi yananilenga, akachuchumaa.

"Mama yako anaumwa?"

"Hapana. Anamsubiri Baba amfuate. Pikipiki haijawa sawa kwa mlima."

"Pikipiki ya nini, mdogo wangu? Hili basi linaondoka hapa kila siku alfajiri. Jioni mko Mbeya, mnakula viazi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Jumapili pia."

"Mlimani halizimiki?"

"Hili?" Akaligonga ubavuni kwa kiganja. "Linapanda linaimba. Mpe baba yako hiyo hewa aipeleke mwenyewe."

Kutoka stendi mpaka kibandani sikumbuki nilipita wapi. Nakumbuka tu nilikuwa naibana ile chupa mpaka inalia. Kila siku. Masika yote, kiangazi chote, kila siku alfajiri mimi nikiwa nimelala, basi linaondoka.

Kibandani walikuwa wamejaa. Mgogo alikuwa katikati ya utani wake, anamwambia Baba kwamba kwa mwendo huo mke atarudi akiwa bibi. Watu wanacheka. Nikasimama mbele ya benchi, nikaweka chupa juu yake.

"Baba, basi la Mbeya linaondoka kila siku."

Nilisema kwa sauti. Mimi, Bubu. Nikaendelea.

"Konda amesema mlimani halizimiki. Hata Jumapili linaondoka."

Nikasubiri wacheke. Kweli nilisubiri, kwa sababu ni yaleyale aliyokuwa anasema Mgogo, sikuongeza kitu. Hakuna aliyecheka. Mmoja akakumbuka kuangalia simu yake. Mwingine akamwaga kahawa iliyobaki kwenye kikombe. Mgogo akachukua kofia yake taratibu, akaivaa, akanyanyuka, na alipofika karibu yangu akainama.

"Hayo ni ya kusema mimi, mjukuu wangu," akanong'ona. "Wewe huna utani na baba yako."

Akaondoka, na wengine wakaondoka nyuma yake. Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanajua. Wote. Walikunywa kahawa juu ya jambo hilo.

"Nani kakutuma stendi?" Baba akauliza.

"Sijatumwa."

"Nenda nyumbani ukapike."

Nilipika. Alirudi magharibi, akala matonge kidogo, akasukuma sahani.

"Unafikiri ni basi tu," akasema, macho yako kwenye sahani. "Hujui. Ukimfuata mke kwao wanakukalisha chini. Wazee kule, mashemeji huku, hata watoto wa jirani wanakuja kuchungulia. Wanakwambia, haya, sema kwa mdomo wako ulichofanya. Useme. Nilimpiga. Mbele ya wale walioniita Bwana Viazi. Halafu nifike hapo nimeshuka kwenye basi na mfuko wa nailoni, kama mtu aliyefukuzwa kazi? Nikifika na pikipiki yangu inaunguruma mpaka mlangoni, angalau..."

Hakumaliza. Angalau nini, sijui mpaka leo. Nilitaka kumwambia aseme basi hapo hapo, neno lile moja, anianzie mimi. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika birika. Maneno ya siku ile niliyamalizia yote kibandani.

Akatoka uani. Nilipokwenda kuosha vyombo nikaiona chupa yangu kando ya pikipiki. Aliirudisha nyumbani, alikuwa ameshaifungua, ameijaza petroli.

Niwaambie yaliyofuata ili msisubiri kama nilivyosubiri mimi. Baba hakwenda. Hajaenda mpaka leo. Mama naye hakurudi, kwa sababu aliyepigwa harudi bila kufuatwa, ndivyo wanavyosema kwao na ndivyo wanavyosema kwetu, na kila mmoja amekaa upande wake wa mlima na heshima yake kifuani. Na Mama nina hasira naye, niseme tu. Basi lilikuwepo na kwa upande wake. Kila Desemba napanda basi hilo peke yangu. Baada ya Chunya masikio yananiziba, nje kuna ukungu, abiria wanavaa masweta, na basi linapanda. Haliimbi, yule konda alitia chumvi, lakini halijawahi kuzimika. Mama ananipokea stendi. Hapumui kwa shida. Anapumua vizuri kabisa, amenenepa, ana genge lake la nyanya. Ananiuliza Baba hajambo, namwambia hajambo, basi. Ile hadithi ya bwana harusi juu ya viazi haisimulii tena. Nikimkumbusha anasema amesahau.

Watu wakisikia wazazi wangu wameachana huniuliza sababu, wanategemea niseme pombe, au mwanamke mwingine. Hawajaachana. Hakuna aliyemwacha mwenzake. Ni kwamba tu hakuna aliyekwenda.

Lakini nilianza na siku ile, nimalize na ile nyingine, asubuhi iliyofuata baada ya chupa. Ilikuwa Jumamosi tena, ndiyo maana Baba alikuwa amechelewa kuamka. Niliamka kabla yake. Nikachukua spana ndogo na bisibisi kwenye boksi lake, nikafunga bomba la petroli chini ya tangi, nikafungua kabureta kama alivyonifundisha, naweka kila kitu kwenye kisahani nisipoteze. Nikatoa jeti ya Tabora, ile niliyoitafuta mtaroni kwa chekeche. Mahali pake nikafunga ya mlimani, ile moja iliyotoka nzuri. Klipu ya sindano nikaihamisha mkato wa juu. Nikakaza kila kitu, nikapangusa kwa shati lake.

Halafu nikaenda chooni na ile ya Tabora mkononi. Choo chetu ni cha shimo, kirefu. Nikaiachia. Haikutoa hata sauti.

Nikanawa kwa sabuni, harufu haikutoka. Nikavaa sare, maana tulikuwa na masomo ya ziada, nikachukua begi, nikasimama kando ya pikipiki nikimngoja. Alitoka anafikicha macho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Nimefunga jeti ya mlimani. Hapa Tabora haitaenda vizuri tena. Ile nyingine nimeitupa chooni."

Alinitazama, akakitazama kisahani kilicho kitupu, akanitazama tena. Mkono wake wa kulia ukainuka kidogo. Nilikuwa nimepanga kutorudi nyuma, na sikurudi nyuma. Niliuangalia mkono ule, sikuangalia uso. Ulikaa pale hewani, haujui pa kwenda, mpaka akaushusha akajipangusia kwenye suruali.

Nikatoka. Nilipofika kwenye kona nikamsikia anapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikapiga risasi moja, ikazimika. Akapiga tena. Ikakohoa tena. Mimi nikaendelea kwenda shule.